Cheti Kiko Kwenye Simu, Dawa Haiko Dukani

(Haya niliyasema kwenye darasa letu la Jumamosi, Mbagala. Wenzetu wa Tegeta na Bunju walioliwa na foleni waliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, nimepunguza tu "eeh" na "yaani".)



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Mtu mwenye tatizo ninalotaka kulizungumzia ukimpa dakika ishirini, kumi atazitumia kutafuta karatasi yake. Yangu hii hapa. Nimeibana kwenye kava la simu tangu asubuhi ili nisiiache kwenye daladala.

Najua ratiba ilisema nitafundisha Sheria ya Vyama vya Siasa. Hiyo tutairudia. Leo naomba nizungumzie dawa, simu na Katiba, na kwa nini vitatu hivyo vilikutana kwenye mwili wangu mwaka jana.

Nyumbani nilikuwa na jina moja tangu darasa la pili: mapepe. "Huyu mtoto ana mapepe." Nilichapwa kwa kupoteza sweta, kalamu, funguo za jirani, na siku moja hela ya unga. Nilikuwa nafaulu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza swali. Chuo ndiko nilikoanguka. Mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili, na siyo kwamba nilikuwa sijui. Kwenye mtihani wa Mikataba nilijibu swali la kwanza kwa kurasa tisa, nikashtuka zimebaki dakika kumi na tano na maswali matatu sijayagusa. Mhadhiri akaniambia kwa upole kabisa: una akili, tatizo lako ni uvivu. Mama mkubwa yeye alinipeleka kwenye maombi, na sikumkatalia, maana nilikuwa nimechoka kuwa mimi.

Kuna hali inaitwa ADHD. Kwa lugha ya mtaani ningesema ni ubongo wenye injini nzuri na breki mbovu. Unashindwa kutulia, unashindwa kushikilia jambo moja, unaanza vitu kumi, unasahau tisa. Huanza utotoni, na kwa wengi haiishi ukubwani. Kwa wasichana mara nyingi haionekani, kwa sababu hatupandi juu ya madawati, sisi tunakaa kimya tunaangalia dirishani. Makadirio ya kimataifa husema watoto wapatao 5 katika 100 wanayo. Sasa chukua Temeke yetu, watu 1,346,674 kwa sensa ya 2022, Kinondoni 982,328, halafu hesabu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima. Ni makumi tu, kwa taifa la watu zaidi ya milioni 61.

Rafiki yangu anayesoma uuguzi ndiye aliyenionyesha dodoso la Shirika la Afya Duniani, lina maswali sita ya mwanzo. Nilijibu "mara nyingi sana" kwenye matano, na la sita nililisahau kulijibu. Akacheka, mimi nikalia. Akanikumbusha kwamba dodoso siyo ugonjwa, ni sababu ya kwenda kwa daktari.

Nikaenda. Kliniki iko siku moja kwa wiki, siku hiyohiyo nina vipindi vitatu. Kutoka Mbagala ni daladala mbili na kutembea. Mara ya kwanza nilichelewa namba. Mara ya pili nilisahau siku. Mniambie nani alibuni utaratibu kwamba mgonjwa wa kusahau miadi, akisahau miadi, anaanza upya mwisho wa foleni.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye simu. Kuna programu nyingi, nyingine za kwetu, nyingine za nje, unalipa kwa simu, unaongea na daktari kwa video. Nililipa shilingi 60,000, hela niliyoitoa kwenye bumu, na mnajua bumu lilivyo. Daktari alikuwa nje ya nchi. Alinisikiliza dakika ishirini na tano, na lazima niseme ukweli, hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza dakika ishirini na tano mfululizo bila kunikatiza. Mwisho akanitumia cheti kwenye simu: methilfenideti, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin.

Nikazunguka nacho. Famasi ya Mbagala walidhani ni dawa ya minyoo. Tandika waliniangalia juu mpaka chini. Kariakoo nilikutana na mfamasia mama mtu mzima, akakisoma cheti mara mbili, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, hii hata ningekuwa nayo kabatini nisingekupa."

Nilikasirika. Lakini mimi nasoma sheria, nikaenda kuisoma, na yule mama alikuwa sahihi.

Methilfenideti iko kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Maana yake uingizaji wake ni kwa kibali, na kila kidonge kinaandikwa kilikotoka na kilikokwenda. Hapa kwetu kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, ambayo adhabu zake za usafirishaji na biashara zinafika kifungo cha maisha. Na daktari wa kukuandikia dawa ndani ya nchi hii anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wangu wa kwenye kioo, kwa Kariakoo, alikuwa mtu tu mwenye koti jeupe.

Nilipotoka pale nje, kijana mmoja akanifuata. "Dada, unatafuta nini?" Nikamwonyesha. Akapotea kama dakika tano, akarudi na vidonge vinne kwenye karatasi ya fedha, havina jina, havina tarehe. Shilingi 5,000 kila kimoja. Nilikuwa na mtihani wa Sheria ya Ushahidi baada ya siku tisa.

Sitajifanya shujaa mbele yenu. Niliondoka, nikafika kona, nikarudi. Nikaondoka tena. Kilichonifanya nipande daladala haikuwa maadili. Niliona picha ya kichwa cha habari: mwanafunzi wa sheria, kada wa upinzani, akamatwa na dawa za kulevya Kariakoo. Nani angeuliza kama nina cheti? Na kile cheti chenyewe kingenitetea nini? Sisi tuliomo humu tunajua kosa dogo la mtoto wa mpinzani lina uzito gani kwenye mizani.

Sasa ningeweza kusimama hapa nikapiga kelele kwamba sheria ni mbovu, serikali itoe dawa kwa simu, tumalize, tukanywe soda. Ingenoga. Lakini haitakuwa kweli, na mkienda kubishana kijiweni na hoja hiyo mtapigwa mchana kweupe.

Marekani wameshapita njia hiyo. Kuna kijana wa California anaitwa Ryan Haight, alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 18, kwa dawa za maumivu alizoagiza mtandaoni. Mwaka 2008 wakapitisha sheria yenye jina lake, kwamba dawa zinazodhibitiwa zisiandikwe mtandaoni mpaka daktari amemwona mgonjwa ana kwa ana. Korona ilipokuja, 2020, wakalegeza. Watu wa vijijini na wagonjwa kweli wakafaidika, na sina shaka na hilo. Lakini kampuni nazo zikaona mlango. Juni 2024 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walimkamata mwanzilishi wa kampuni ya Done pamoja na mkuu wake wa kitabibu, wakidai mpango wao ulisambaza zaidi ya vidonge milioni 40 vya Adderall na vichangamshi vingine na kuingiza zaidi ya dola milioni 100. Ukimlipa daktari kwa kuandika, ataandika.

Yule daktari wangu wa dakika ishirini na tano, kwa upole wake wote, hakunipima presha. Hakuuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo. Dawa hii inapandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo kabla ya kuianza unapimwa, na ukiongezewa dozi unapimwa tena. Simu haina mkono wa kukufunga mkanda wa presha.

Kwa hiyo tunadai nini? Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu jibu liko umbali wa nauli moja.

Februari 2011, Muhimbili walianza kutoa methadoni kwa watu waliokuwa wakitumia heroini. Mwananyamala wakafuata 2012, Temeke 2014. Methadoni nayo ni dawa inayodhibitiwa, na kali kuliko hii yangu mara nyingi. Mgonjwa anakuja, anakunywa mbele ya mhudumu, inaandikwa, anaondoka kwenda kazini. Wapo humu mitaani kwetu, tunawajua, wengine ndio wanaotupakia kwenye bodaboda asubuhi. Wakati ule kulikuwa na wazee waliosema serikali inagawa unga. Leo ni huduma. Nchi hii hii, wizara hii hii, ilipoamua, iliweza kufikisha dawa hatari kwa usalama mpaka Temeke na Kinondoni.

Basi fikirieni zahanati ya kata. Ina mashine ya presha, ina mzani, ina muuguzi. Weka chumba kimoja chenye mlango unaofungika na kioo chenye intaneti. Daktari bingwa yuko Muhimbili au Mirembe, Dodoma, amesajiliwa, anamwona mgonjwa kwenye kioo huku muuguzi akipima. Mara ya kwanza mkutane ana kwa ana, zinazofuata kwa video. Cheti kiende moja kwa moja kwenye famasi ya hospitali ya rufaa, kisipite mkononi mwa mtu wala kwenye WhatsApp. Tiba mtandao siyo ndoto, hospitali zetu kubwa tayari huwasiliana hivyo na za mikoani, na serikali yenyewe ilikuwa na Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa 2019 mpaka 2024. Kenya wamekwenda hatua mbele, Oktoba 2023 wakapitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Sisi bado mgonjwa na mfamasia wanashonashona vipande vya sheria wenyewe, dirishani, foleni ikisubiri.

Mimi mwisho nilifanikiwa kwa njia ya zamani. Rafiki yangu yule wa uuguzi alinishika mkono siku ya kliniki kama mtoto wa chekechea, akanikalisha kwenye benchi saa kumi na mbili asubuhi. Daktari akataka ripoti zangu za shule ya msingi. Akampigia mama simu akaongea naye. Mama akasema, "Daktari, huyu tangu tumboni hakutulia." Akanipima kila kitu. Akaniandikia dozi ndogo. Kuhudhuria tukakubaliana iwe kwa simu ya video kila baada ya wiki mbili, kwenda kliniki mara moja kila miezi mitatu, na dawa nichukue mwezi mmoja mmoja famasi moja ya mjini, ambayo siku nyingine wanayo, siku nyingine wanakwambia pitia wiki ijayo.

Mnaniuliza ilifanya nini? Siku ya tatu nilisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani ya kurasa 40 bila kuinuka. Nilipomaliza niliangalia ukuta nikajiuliza, kumbe wenzangu ndivyo mnavyoishi? Pia sikusikia njaa mpaka jioni, na usiku nilikesha nikihesabu mabati. Siyo muujiza. Na hata wataalamu hawajaafikiana, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, likisema ushahidi wa manufaa na madhara hautoshi. Nawaambia hili ili mtu asiseme kada alikuja kupiga debe la vidonge.

Halafu ikaja Oktoba.

Jumatatu ya tarehe 27 daktari aliongeza dozi. Jumanne mapigo yangu yalifika 118 nimekaa. Akaniandikia ujumbe: endelea kupima, tuonane kwenye video Alhamisi. Alhamisi ilikuwa tarehe 30 Oktoba 2025. Mnajua kilichotokea tarehe 29. Intaneti ilizimwa. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hakuna daladala. Namba ya kawaida ya kliniki iliita bila kupokelewa, na siwalaumu, nao walikuwa majumbani kwao.

Nisieleweke vibaya. Humu ndani kuna watu waliopoteza ndugu siku zile. Sijilinganishi nao, na nilisita sana kulitaja hili mbele yao. Nasema tu kilichotokea kwenye chumba kimoja cha Mbagala: nimekaa kitandani, moyo unadunda, nina vidonge kumi na mbili mkononi, sijui nimeze au niache, sijui nipunguze vipi, na mtu pekee anayejua yuko upande wa pili wa intaneti isiyokuwepo. Niliacha kumeza. Mambo ya mitandao yalipoanza kurudi wiki iliyofuata nikaambiwa nilifanya vizuri. Ilikuwa bahati. Kuna mwenye kisukari, kuna mama mjamzito, kuna mwenye kifafa, ambaye kliniki yake nayo iko kwenye simu. Siku tunapowaambia watu wahamie tiba mtandao, tuwaambie pia kwamba ufunguo wa zahanati hiyo uko mfukoni mwa anayeweza kuzima intaneti. Tukilidai hilo la afya bila kudai hili la intaneti tutakuwa tumejenga ghorofa juu ya mchanga wa Kunduchi.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nisite zaidi kusimama hapa.

Fungueni Katiba, Ibara ya 5. Ibara ndogo ya pili inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya kuwa na "ugonjwa wa akili". Nendeni Ibara ya 67, ndogo ya pili: mtu hana sifa ya kuwa mbunge ikiwa imethibitishwa rasmi kwamba ana ugonjwa wa akili. Ugonjwa gani? Katiba haisemi. Msongo? Sonona? Hali yangu mimi ya kusahau funguo? Mwanasheria makini atakwambia ibara hizo hazikumlenga mtu kama mimi, na nami ningebishana hivyo mahakamani. Lakini tumeona pingamizi za wagombea zinavyokwenda. Mtu anaenguliwa kwa kosa la herufi. Wewe unadhani cheti cha kliniki ya akili chenye jina lako kitaachwa kwenye faili?

Ndiyo maana faragha kwangu siyo mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023 na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi nyeti. Sheria nzuri ukiisoma. Lakini kampuni ya Marekani ya Cerebral, ya tiba ya akili kwa simu, mwaka 2023 ilikiri kwamba taarifa za watu zaidi ya milioni 3 zilifika kwa Google, Meta, TikTok na wengine kupitia vifuatiliaji vya matangazo. Huko kwenye mawakili na magazeti ya kuwapigia kelele. Mimi ile programu yangu ya kwanza niliijazia kila kitu, jina, mtaa, nilipozaliwa, mpaka kwamba nashiriki siasa, kwa sababu waliuliza "nini kinakupa mawazo?" Nimeandika barua kuomba vifutwe. Sijajibiwa. Hatua inayofuata ni malalamiko kwenye Tume, na rasimu yake iko kwenye hii simu. Anayetaka kuiona ili aandike ya kwake aje baadaye.

Mtauliza, haki yenyewe ya afya iko wapi kwenye Katiba yetu? Iko Ibara ya 11, imezungumzia ustawi wa jamii wakati wa uzee na maradhi. Kisha Ibara ya 7, ndogo ya pili, inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Wamekupa mkono wa kulia, wamekufunga wa kushoto. Wakenya wao, Katiba yao ya 2010, Ibara ya 43, haki ya afya unaipeleka mahakamani na jaji anakusikiliza. Tunaposema Katiba mpya mtaani watu wanatuuliza italeta unga? Mimi nikiulizwa hivyo nawaambia habari ya yule mama wa Kariakoo aliyevua miwani.

Kazi za wiki hii. Kila tawi liende kwenye zahanati ya kata yake, kwa adabu, bila fulana za chama, liulize mambo mawili: je, kuna siku yoyote huduma ya afya ya akili inatolewa hapa, na je, kuna chumba chenye mlango unaofungika? Andikeni majibu, mniletee. Msipige picha za wagonjwa. Na kama kuna mtu humu amejiona kwenye hadithi yangu, asinunue kitu kwenye karatasi ya fedha. Anitafute, tutakwenda kliniki pamoja, ila anikumbushe siku moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe anipigie tena.

Nimezidisha dakika sita, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Tuanze na kaka wa nyuma pale, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Kariakoo.